Kufariki Kwangu Ukutani Bila Kushauriwa

Nashon Ogweno Rabar,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mazishi,
Kendu Bay.

Kwa Madam Celestine,
Msimamizi wa Makumbusho ya Jamii ya Nyakwaka,
Kendu Bay.

Mheshimiwa Madam Celestine,

KUH: KUFA KWANGU KATIKA JUMBA LENU

Ninakuandikia nikiwa mzima wa afya, na naomba maneno hayo uyasome mara mbili kabla ya kuendelea.

Mimi ndiye yule mzee wa ukutani. Ukiingia ukumbi mkubwa wa makumbusho yako, ukipita vyungu na mitego ya samaki ya zamani, ukikata kulia, utakuta hema jeupe limesimamishwa ndani ya nyumba, jambo ambalo peke yake lingetosha kunifanya niandike barua. Chini ya hema kuna jeneza. Nyuma ya jeneza, ukutani, kuna picha kubwa katika fremu ya dhahabu, imezungushiwa maua ya plastiki, na chini yake pameandikwa MAREHEMU WETU. Yule ni mimi. Niko hai. Mchana huu nimekula ugali na omena, na hadi sasa ninapoandika kuna kipande cha sukuma wiki kimenikwama kwenye jino na kinaniudhi.

Tafadhali usinichukulie kama mtu anayepinga sanaa. Nyumbani kwangu nina kalenda tatu ukutani, na mbili kati ya hizo mwaka wake ulishapita, lakini sijazitoa kwa sababu picha zake ni nzuri. Tena huyo msanii wenu, kijana Mokaya, nilimpokea mwenyewe mwaka jana alipotoka Nairobi akasema anafanya utafiti kuhusu matanga yetu. Alikuwa amefika kwa mtu anayefaa. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya mazishi hapa kwetu na pia mfawidhi, na hakuna mtu wa maana aliyezikwa sehemu hizi bila mimi kushika maikrofoni. Nilimtembeza matanga ya huku na kule, nikamkalisha meza ya wageni, akala, akaongezwa. Siku moja akaomba anipige picha. Nikakubali. Hakuniambia kwamba ndani ya picha hiyo nitakuwa nimekufa.

Ombi langu ni moja: picha yangu iondolewe ukutani kabla ya Ijumaa jioni. Nasema Ijumaa kwa sababu Jumamosi ukoo wangu umepanga kunizika. Pia kuna habari ya mwanangu Chrispine, ambaye mpaka leo hajaja kwenye msiba wangu, lakini hiyo ni habari ya nyumbani na sitaki kuiingiza katika barua ya ofisi.

Malalamiko yangu ni kama yafuatayo.

1. Nilikufa bila kupewa taarifa.

Siku mlipofungua maonyesho, mimi na mke wangu, Mama Chrispine, tulikuwa Migori, ambako nilikuwa nikiongoza matanga ya mtu aliyekufa kweli. Simu zetu zilikuwa zimeisha chaji. Tuliporudi Jumatatu nilishuka sokoni kununua nyanya, na hapo ndipo nilipoanza kuona mambo. Mwendesha boda mmoja aliponiona aliruka kutoka kwenye pikipiki akatimua mbio, na ile pikipiki ikaendelea peke yake mpaka ikalala juu ya nyanya za Roseline. Roseline naye alipiga nduru, akajifunika uso na leso, akaniuliza kwa sauti ndogo nimerudi kutafuta nini. Kumbe picha ya picha yangu, pamoja na jeneza na mishumaa, ilikuwa imezunguka kwenye simu za watu tangu Ijumaa, na chini yake watu wameandika nilale salama. Jameni! Mtu ambaye hata kulala kwenyewe kunamsumbua kwa sababu ya mgongo!

Nilipowasha simu nilikuta watu wa Kisumu wamepiga, wa Mombasa wamepiga, hata kijana wa jirani aliye Qatar alituma sauti akilia. Nilitafuta namba ya Chrispine katika orodha ile. Niliitafuta mara ya pili kwa miwani. Haikuwemo. Lakini tuliache hilo.

2. Matanga mliyonifanyia yana aibu.

Nilikuja kuyaona kwa macho yangu siku iliyofuata. Kwanza, binti wa mlangoni, yule Liz, alinitoza kiingilio. Madam, nimeongoza misiba ya matajiri na ya maskini, na sijaona mahali ambapo marehemu hulipa mlangoni. Nilipomwonyesha uso wangu alisema hata yeye hulipa nauli kuja kazini.

Ndani nilikuta viti vya plastiki vimefungwa kwenye dari, miguu juu, migongo chini. Nikamwuliza Liz waombolezaji watakaa wapi. Akasema swali hilo ndilo sanaa yenyewe. Nikauliza kuhusu jeneza, mbona limeundwa kwa maboksi ya sabuni, akasema nalo linauliza swali. Sufuria kubwa ya mapishi iko pale, imefunikwa vizuri, lakini nilipofunua sikukuta hata punje ya wali. Kwenye spika kuna sauti ya mwanamke anayelia mchana kutwa bila kutaja jina la mtu. Kwetu hapa mwanamke akilia matanga hulia kwa maneno. Atakutaja, atamtaja babako, atasimulia ulivyomletea sukari siku fulani, na ukiwa na tabia mbaya ataipitia kwa mbali watu waelewe. Huyu wenu analia tu, kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. Hakuna kwaya, hakuna jenereta, hakuna programu, hakuna kamati. Mimi nimewahi kuendesha matanga mvua ikinyesha na hema likiruka, na bado mashemeji walipata mahali pa kuketi. Leo zamu yangu imefika, nami nimewekewa viti darini!

Nilisimama pale nikaona haya. Watu wangeweza kudhani kamati ile ilikuwa yangu.

3. Kibao.

Kibao kilicho kando ya picha kinasema kwamba "marehemu ni mtu yeyote." Mimi si mtu yeyote. Mimi ni Nashon mwana wa Rabar, na babangu alikuwa mtu wa kwanza upande wetu kuezeka kwa mabati. Kibao hicho kinaendelea kusema kwamba uso wangu umebeba huzuni ya jamii inayosahau. Ninaikumbuka siku ile ya kupigwa picha vizuri sana. Wanasiasa walikuwa wakinyang'anyana maikrofoni, programu ilikuwa imechelewa, na mimi sikuwa nimeonja kitu tangu chai ya asubuhi. Ule ni uso wa njaa, Madam, na ninaomba kibao kisahihishwe.

4. Waliokuja kunilia walifanywa kuwa maonyesho.

Hili limeniumiza kuliko kiingilio. Jumamosi ile, kabla sijarudi kutoka Migori, kikundi cha akina mama kutoka Kisegi kilifika katika makumbusho yako kimevaa sare. Walikuwa wameona picha kwenye simu, wameona hema, wameona jeneza, wakajua mwili uko hapo. Ni kosa gani walilofanya? Mahali penye hema, jeneza na picha ya mzee, mtu wa kwetu haulizi, analia kwanza. Walilia. Walinitaja kwa majina yangu yote. Wageni waliotoka Nairobi wakasimama kwa duara wakiwapiga picha, na walipomaliza kulia, wale wageni wakapiga makofi.

Baadaye alifika shemeji yangu Elijah kutoka Asumbi na vijana na ng'ombe. Wewe ni nyarwa, binti wa kwetu, huhitaji mimi nikueleze tero buru. Lakini wageni wako hawakujua kwamba mzee akifa wanaume huswaga ng'ombe mbio kwa kelele na fimbo ili kukifukuza kifo kitoke bomani. Elijah alilizunguka jumba lenu, vumbi likapaa, askari wa lango akapanda juu ya tangi la maji na kubaki huko. Elijah alikuwa analia kweli. Huyu ni mtu ambaye sikumwona akilia hata siku alipomzika mamake. Na alipokuwa anapumua kwa shida, machozi yakichanganyika na vumbi, mama mmoja mwenye kofia kubwa alimwendea na kumwuliza kama kutakuwa na onyesho lingine saa kumi.

Siku ya pili ubao wenu wa matangazo ulisema kuna "ngoma za asili kila Jumamosi." Elijah ameniuliza kwa nini walimpigia makofi. Nilimwambia wageni wana namna yao ya kusema pole.

Akina mama wa Kisegi waliniambia pia kwamba walimtafuta Chrispine pale wampe mkono kama mwana wa marehemu, wakamkosa. Niliwaambia yuko njiani. Sijui kwa nini niliwaambia hivyo.

5. Maranga.

Binamu yangu Maranga ameanza kupita nyumbani kwangu jioni akiwa amechomekea shati. Kwa miaka yote niliyomjua, shati la Maranga limekuwa nje. Sasa anakuja, anauliza kama paa linavuja, anaangalia ua, anasema mwanamke mpweke anahitaji mtu wa kumsaidia kurekebisha. Anayasema hayo mimi nikiwa nimeketi pale pale, kwenye kiti changu, nikinywa chai yangu. Nilipomkumbusha kwamba mimi nipo, alisema anajua, lakini mambo ya urithi wa mjane huwa na foleni na yeye hataki kukuta watu mbele yake.

Mama Chrispine anacheka tu. Anasema tangu nife nimekuwa nikirudi nyumbani mapema.

6. Kanisani, sehemu yangu ya besi imeshapewa mtu mwingine, ambaye hata noti hajui.

7. Hemed.

Hemed, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti, ndiye peke yake katika mji mzima aliyekuja kuniuliza mimi mwenyewe kama nimekufa. Nilipomwambia hapana alimshukuru Mungu kwa mikono miwili. Halafu akaingiwa na wasiwasi. Kwao maiti husitiriwa haraka, ikiwezekana siku hiyo hiyo, na yeye alikuwa amehesabu muda niliokaa pale ukutani, watu wakipita na soda mkononi. Akasema kama nimekufa, mmenichelewesha vibaya sana, na kama sijafa, mmeniweka wazi bila sababu. Alifikiri kidogo, akakata kitambaa cheupe cha urefu wangu, akanipa nikae nacho kwa vyovyote vile. Nilimshukuru. Mama Chrispine amekitandika mezani.

8. Yago.

Sasa naja kwenye Jumamosi. Wazee wa ukoo wamesema hivi: ng'ombe wakishakimbizwa, kifo kimeshatajwa, na kifo kilichotajwa hakiwezi kuachwa kikining'inia, kitatafuta mtu mwingine wa kumshika bomani. Ni lazima kitu kizikwe. Mwili wangu haupatikani, kwa sababu ninautumia. Kwa hiyo litazikwa tunda la yago, lile refu kama mkono wa mtu, ambalo kwetu huzikwa badala ya mtu aliyepotelea ziwani au ng'ambo na mwili wake haukurudi. Tunda lenyewe limeshachumwa. Liko kwa Maranga, limelazwa kwenye gunia safi. Nimeenda kuliona. Ni tunda zuri, sina la kusema.

Utauliza mbona sikupinga. Nilipinga! Lakini kamati ya mazishi haiwezi kukaa bila mwenyekiti, na mwenyekiti ni mimi. Waliniita. Nilifungua kikao kwa maombi, nikasoma ajenda, na ajenda ilikuwa mimi. Nilitoa hoja kwamba mtu aliye hai asizikwe. Ilijadiliwa kwa heshima. Mzee mmoja alisema hana ubaya na mimi, lakini picha yangu bado iko pale na jeneza bado liko pale, na mpaka vitu hivyo viondoke yeye hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba msiba huu ni uongo. Tulipiga kura kwa kuinua mikono. Maranga aliinua yote miwili. Nilishindwa. Halafu, kwa sababu ya mazoea, nikawapangia programu: maombi saa tatu, mashemeji wazungumze kabla ya wanasiasa, na kila msemaji asizidi dakika tano. Nilipofika mahali pa kuandika jina la yule atakayezungumza kwa niaba ya watoto wa marehemu, niliacha wazi. Hata Maranga alitazama chini.

9. Chrispine.

Naona nimeshindwa kumwacha nje ya barua hii, basi acha niseme yote.

Chrispine ni mwanangu wa pekee. Ni fundi wa umeme Nairobi, tena fundi mzuri, kazi yake haina waya unaoonekana. Alipopata pesa alijenga nyumba Kitengela, mawe na mabati ya rangi, akahamia na mkewe. Huku nyumbani hakuwa na hata kibanda. Wewe unajua kwetu mwana hujenga simba yake kwanza, kile kijumba cha kijana, hapa ndani ya boma la babake, hata kama ni ya udongo, hata kama atalala humo usiku mmoja tu, ndipo aende akajenge majumba yake huko duniani. Nilimwambia. Akasema, Baba, siku hizi. Nikamwambia tena. Akasema atajenga, lakini sio sasa. Tulipandishiana sauti mpaka majirani wakaja langoni. Ndipo nilipomwambia, mbele ya wajomba zake, kwamba hatakanyaga tena boma langu mpaka siku ya matanga yangu. Alichukua begi lake akaondoka. Hiyo ilikuwa kabla ya korona. Sikukosea, na mimi si mtu wa kumeza maneno niliyoyasema mbele za watu. Nimesikia wana mtoto. Simjui sura.

Sasa sikiliza kosa mlilonitendea, Madam, maana sidhani kama Mokaya alilifikiria alipokuwa anapigilia msumari. Miaka yote hii nilikuwa na uhakika wa jambo moja. Nilijua kwamba siku nikifa, mwanangu atakuja. Sikuwa na haraka, lakini nilijua. Nilipokuwa naongoza matanga ya watu na kuwaona wana wao wakishuka kwenye magari kutoka mbali, nilikuwa najiambia hata wangu atashuka hivyo, na watu watamwona. Sasa nimekufa. Nimetangazwa, nimeliliwa, ng'ombe wamekimbia. Kisegi wamekuja, Asumbi wamekuja, watu wa Nairobi nisiowajua wamekuja na kofia zao. Chrispine hajaja. Hata kupiga simu hajapiga. Nilikuwa naweza kuishi bila mwanangu kwa sababu nilikuwa nangoja kufa. Sasa mmeniua kabla ya wakati, nami sina tena cha kungoja, na hilo limeniuma, haki ya Mungu limeniuma.

Kutokana na hayo yote, ninaomba ofisi yako itekeleze mambo haya.

(a) Picha yangu iondolewe kabla ya Ijumaa jioni, kama nilivyosema.

(b) Iandikwe barua yenye muhuri wa makumbusho kwamba mimi siko kwenye orodha ya wafu wenu wala vyombo vyenu vya zamani. Wazee wamesema neno langu peke yake halitoshi kwa kuwa ninahusika.

(c) Ikiwa sanaa haiwezi kuendelea bila marehemu, Mokaya aweke picha yake mwenyewe. Ni kijana mwenye sura nzuri, na kwao pia kuna watu wanaojua kulia.

(d) Ikiwa (a), (b) na (c) zote zitashindikana, basi kazi ifanywe sawasawa. Leteni jeneza la mbao. Shusheni viti. Pikeni. Yule mwanamke wa kwenye spika afundishwe jina langu. Na mimi nipewe maikrofoni, kwa sababu sitakubali mtu mwingine aongoze matanga yangu wakati nipo na sauti ninayo.

(e) Na ikiwa hata hilo ni gumu, basi nihamisheni kabisa. Nitafutieni nafasi kati ya vyungu na mitego ya samaki, nikae hapo juu ya kigoda na kibao changu kifuani. Walio hai wameshanifuta na waliokufa hawajanipokea, na huko kwenu angalau hakuna mvua. Wageni waniulize maswali. Nitayajibu, tofauti na sanaa yenu.

Nisalimie Liz, binti mwenye heshima hata kama hana huruma mlangoni. Msalimie askari wa lango, na umwambie Elijah anaomba radhi kwa ajili ya tangi. Mpe Mokaya salamu, na umwambie simchukii. Alikula vizuri kwangu na mtu aliyekula kwangu siwezi kumchukia. Wasalimie pia wale wageni waliopiga makofi, na yule mama wa kofia. Kama wanapenda kuona watu wakilia, waje mazishi ya kweli, kuna chakula.

Ninabaki mimi, kwa kadiri ninavyoruhusiwa,

Nashon Ogweno Rabar,
Mwenyekiti.

Nakala: Chifu. Mama Chrispine, kwa kuwa ndiye aliyenitafutia bahasha.

Tanbihi. Bahasha nilikuwa nimeshaibandika, nimeichana. Chrispine amepiga simu. Hakunipigia mimi, alimpigia mamake, na mimi nilikuwa kando nikijifanya natafuta miwani ambayo ilikuwa usoni. Anajua sijafa. Anasema picha ilipomfikia alisimamisha kazi, akakaa kwenye ngazi, hakuweza kushuka wala kupanda, mpaka mtu wa huku alipomweleza kwamba ni maonyesho. Tangu hapo amekuwa akishika simu na kuiweka chini. Leo hatimaye amemwuliza mamake swali moja: haya ya makumbusho, yanahesabika kama matanga? Kwa maana Baba alisema siku ya matanga yake, hakusema ni lazima awe amekufa.

Mama Chrispine akanitazama. Nilitaka kumwambia kwamba hilo ni suala la kupelekwa kwenye kikao. Nikaona nimeinamisha kichwa, ndiyo, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na machozi haya hapa yamelowesha karatasi, utanisamehe kwa wino.

Wanafika kwenye makumbusho Jumamosi asubuhi, yeye, mkewe na mtoto. Kwa hiyo, Madam, yasahau yote niliyoandika hapo juu. Picha isiguswe. Jeneza lisiguswe. Mokaya akiwa na maua mengine ya plastiki, aongeze. Wazee nitawakabili mwenyewe, wakizika tunda lao wazike, na kikao kingine cha kunirudisha kati ya walio hai nitakiitisha Jumatatu, safari hii kura nitazihesabu mimi. Tukitoka hapo kwenu tutaingia bomani pamoja, jinsi watu wanavyorudi kutoka matanga, na hakuna atakayeweza kusema kwamba mmoja wetu alimeza maneno yake.

Tafadhali mwambie Liz asiwatoze. Na Chrispine akiuliza marehemu yuko wapi, amwambie yuko langoni tangu alfajiri, anawangoja.